Neno la Makaa Kule Malakisi

Mwezi uliopita mlinikatia keki pale ofisini Kitale, mkanifunga leso mbili kiunoni, mkasema, "Mwalimu Nafula, sasa pumzika." Nimepumzika wiki tatu. Mahindi yamepaliliwa, ua umekatwa, na kupumzika kwenyewe kumenichosha. Mliniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi, ili nyinyi mnaobaki msijikwae pale nilipojikwaa mimi. Haya basi. Nilipandishwa cheo lini na nani alitia sahihi, ulizeni kabati. Mimi nitaandika habari za watu.

Kazi yangu iliitwa upimaji. Watafsiri wanayaleta Maandiko katika Lubukusu. Rasimu ikishakuwa tayari, mpimaji anaibeba mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuiona, anawasomea, kisha anawauliza wamesikia nini. Hawaulizi kama wamependa, anawauliza wamesikia nini. Kwa maneno mengine, nimelipwa kwa maisha yangu yote ili niende vijijini kuambiwa kwamba ofisi imekosea. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kusifiwa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kabuchai, katika kanisa la mabati lililozungukwa na miwa pande zote. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, kwa hiyo nilijiona najua kusoma mbele ya watu. Niliwasomea kina mama sura nzima kwa sauti ya darasani. Nikauliza, "Mmeelewa?"

"Eee, mwalimu! Tumeelewa kabisa!"

Nikaandika "imeeleweka" kwa kalamu ya kijani, nikapiga mstari chini yake.

Mchungaji Barasa, aliyekuwa mtafsiri mkuu na ndiye aliyenifundisha kazi hii, alikuwa amekaa nyuma akimenya muwa. Aliinuka, akamwendea mama mmoja aliyekuwa mstari wa mbele. "Mayi, kuna mwenzako amechelewa, yuko hapo mlangoni. Mwambie mwalimu amesoma nini."

"Amesoma vizuri sana."

"Amesoma nini?"

"Amesoma Neno la Mungu."

"Linasema nini?"

Yule mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amechanika sketi nyuma. "Si mwalimu ndiye anajua?"

Nilipigwa na butwaa. Umati mzima ulikubali kwa sauti moja, na hakukuwa na hata mmoja aliyeweza kurudia sentensi. Njiani Barasa aliniambia, "Watu wetu wana heshima. Ukiwauliza kama wameelewa, watakubali ili usiaibike. Waulize wakusimulie." Nililisikia somo lile, lakini kusikia ni kitu kimoja, kutenda ni kingine. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na haraka, na mara nyingi nilirudi kwenye "mmeelewa?" kama ng'ombe anavyorudi kwenye shamba la jirani. Kumbukeni hilo nililowaambia. Nitawaeleza lilileta nini.

Vifaa vyetu vilikuwa kinasa sauti cha kaseti, betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu tena, kalamu ya kijani na nyekundu, na karatasi za majaribio zilizopigwa chapa kwa mashine ya wino iliyochafua vidole kwa siku mbili. Rasimu haikuwa kitabu. Ilikuwa karatasi moja moja, na kila tulipopima tuliliachia kanisa nakala chache. Siku hizi mnasoma kwenye simu na mnarekodi kwenye simu hiyo hiyo. Vizuri. Lakini chajini kabla hamjatoka. Nimeshaona mpimaji akifika Kapsokwony juu ya pikipiki, tope mpaka magotini, kisha simu ikazima kabla ya sala ya kufungua.

Kule Kapsokwony ndiko nilikopata aibu ya neno "mtume". Tulikuwa tumetumia neno la kwetu la mtu aliyetumwa. Kukhu mmoja, bibi ambaye macho yalishafifia lakini ulimi bado, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu Paulo alitumwa nini? Chumvi ama mafuta ya taa?"

"Alitumwa na Bwana, Kukhu."

"Sasa mbona hajarudi? Mtu akitumwa anarudi. Huyu anazunguka tu anaandika barua."

Barasa alicheka, akanyamaza, akatoa daftari. Neno lile lilirekebishwa. Alikuwa akisema kwamba mitume hawakuwaandikia wasomi. Waliwaandikia watu waliotoka shambani, waliosomewa kwa sauti mara moja, wakaenda kuishi kwa walichokisikia. Kwa hiyo alichokisikia Kukhu hakikuwa kosa la Kukhu. Kilikuwa barua aliyoipokea.

Na ile salamu ya busu takatifu! Nilisoma mstari huo Kabuchai mbele ya watu wazima, sijaangalia ni nani amekaa wapi. Mzee mmoja alisimama ghafla, akachukua kofia, akatoka bila kuaga. Kina mama walifunika nyuso. Kumbe mama mkwe wake alikuwa amekaa upande wa pili, na kwetu mtu na mama mkwe hata mkono hawapeani. Ilinibidi nimfuate mpaka kwenye miwa nikimwomba msamaha kwa niaba ya mtume Paulo. "Mwambie huyo mtu wenu," alisema bila kugeuka, "kwake ni kwake, kwetu ni kwetu."

Hayo ni ya kucheka. Sasa nitaeleza lile ambalo bado linanishtua nikiwa jikoni, mwiko mkononi.

Miaka mingi baadaye tulikuwa tukipitia upya barua ya Paulo kwa Warumi kabla ya kwenda kuchapwa. Nilipewa sehemu ile anayofundisha juu ya kisasi: kwamba tusijilipizie, tumwachie Mungu, na adui akiwa na njaa tumlishe, maana kwa kufanya hivyo tutampalia makaa ya moto kichwani. Ni maneno ya kale, mtume aliyachukua kwa wenye hekima wa Israeli. Nilikwenda kupima karibu na Malakisi, katika kanisa ambalo mzee wake alikuwa Nathan Wanjala.

Mzee Nathan nilimjua kwa sifa. Wote walimjua. Alikuwa na mikono iliyoungua, ngozi imevutwa kama karatasi iliyokunjwa kisha ikanyooshwa. Alipokuwa kijana, moto ulishika kibanda cha tumbaku cha mdogo wake, Simiyu, naye Nathan akaingia ndani ya moto kwa mikono mitupu akamtoa. Wahubiri wengi walimtaja kwenye mahubiri ya upendo. Watoto wa Sandeskuli waliitwa mbele waishike mikono ile.

Tulikaa chini ya upenu wa kanisa, yeye na wengine wanne. Tulichanganya Lubukusu na Kiswahili. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa baadhi yenu hamjui Lubukusu. Nilisoma mara mbili. Kisha nikamgeukia yeye kwanza, kwa heshima ya umri. "Papa, nisimulie. Umesikia nini?"

"Mwarimu, hii iko sawa," alisema. "Iko tu vile ilikuwa."

"Ilikuwaje?"

"Ati adui yako akiwa na njaa, mpatie chakula. Akishiba, sasa unamwekea moto kwa kichwa."

Wenzake walicheka. Mimi nilishika kalamu nyekundu. Nilidhani nimepata kosa la kawaida la rasimu, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu mpimaji akikosa makosa anaonekana hakufanya kazi. "Papa, ukisema akishiba, ina maana gani?"

"Si ndiyo umesoma? Kwanza chakula, halafu makaa." Aliitazama mikono yake. "Mimi nilifuata hivyo hivyo. Na haikunisaidia."

Kicheko kilikatika. Mama aliyekuwa kando yangu aliacha kusuka kamba. Nilisikia kinasa sauti kikizunguka, nikajua natakiwa kukizima, nikakiacha.

"Ulifuata vipi, Papa?" niliuliza.

Akaeleza, polepole, kama mtu anayetoa miba. Simiyu alikuwa amesogeza mpaka wa shamba, hatua chache tu, lakini hatua hizo zilikuwa na kisima. Miezi kadhaa hawakusemezana. Kisha Jumapili moja mhubiri mgeni alisoma karatasi yenye maneno haya. Nathan alitoka kanisani akamwalika mdogo wake nyumbani. Akachinja jogoo. Simiyu alikula, akashukuru, akasema pengine waite wazee waupime mpaka tena. Alasiri akarudi kulisha tanuri la tumbaku, akajilaza chini ya paa la nyasi pale kando, akapitiwa na usingizi.

"Nilichukua beleshi," alisema Mzee Nathan. "Makaa yalikuwa hapo mdomoni mwa tanuri. Nikatupa kwa nyasi, juu ya kichwa yake."

"Yesu," alisema mtu.

"Alipopiga kelele, nikasikia ni sauti ya mama yetu. Walifanana sauti. Ndipo nikaingia." Alifungua viganja. "Watu wakasema ni cheche ya tanuri. Wakanisifu. Kila nikitaka kusema, wananisifu tena. Wakanipa ufunguo wa kanisa."

Vijana, mtapewa mafunzo ya kuandaa maswali, lakini swali la kumuuliza mtu baada ya hapo hamtafundishwa. Nilizima kinasa sauti. Nilifanya jambo pekee nililolijua: nikachukua rasimu, nikasoma sentensi iliyofuata, ile ambayo sikuwa nimeifikia, ambapo mtume anasema tusikubali ubaya utushinde, bali tuushinde ubaya kwa wema.

Mzee Nathan aliinua kichwa. "Hiyo ilikuwa hapo?"

"Ilikuwa hapo, Papa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Yule mhubiri hakuisoma," alisema. "Kwa karatasi yake neno liliishia kwa kichwa. Kichwani mwake, nukta. Nilienda nikaangalia mwenyewe kwa macho yangu, kwa sababu nilitaka kuwa na hakika."

Nilirudi Kitale na neno lile la karatasi likinisumbua. Asubuhi niliingia stoo, nikatoa maboksi ya mwanzo kabisa, yale yaliyoliwa pembe na panya. Niliipata. Karatasi ya majaribio ya wino, imepimwa Malakisi katika mwaka wangu wa kwanza. Rasimu ile ya zamani haikusema hata "utampalia". Ilisema "ndipo utakapomwekea moto kichwani mwake". Hapo ndipo karatasi iliishia, kwa sababu sentensi iliyofuata haikuenea ikahamia karatasi ya pili, na karatasi ya pili tulisema tutapima wiki nyingine. Nakala tulizoacha kanisani zilikuwa za karatasi ya kwanza peke yake. Na chini kabisa, kwa kalamu ya kijani, kwa mwandiko wangu wa darasani, palikuwa pameandikwa "imeeleweka".

Nilikaa juu ya boksi.

Mchungaji Barasa alikuwa bado hai wakati huo, amestaafu, anafuga nyuki nyumbani kwake nje ya mji. Nilimpelekea ile karatasi. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, kana kwamba miwani ndiyo iliyoleta maneno. "Ni tafsiri yangu," alisema.

"Na kipimo changu."

"Ndiyo." Hakunifariji, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. "Lugha ya kwetu ina namna kumi za kusema mtu ameona aibu mpaka uso unawaka. Nami nikaandika moto, kwa sababu mtume aliandika moto, nikaona nimekuwa mwaminifu." Alirudisha karatasi mezani. "Kanda ya sauti iko wapi?"

"Kwenye mkoba. Nimpelekee chifu?"

Alifikiri. "Nani ameungua?"

"Simiyu."

"Basi Simiyu ndiye wa kusema ipelekwe wapi. Lakini Nathan aende mwenyewe. Na wewe uende naye, ukiwa na hii karatasi. Asiende peke yake kubeba kitu ambacho tulimkabidhi sisi."

Nilirudi Malakisi. Mzee Nathan alikuwa ameshasimama mbele ya kanisa Jumapili iliyotangulia akasema yote, akaweka ufunguo juu ya meza ya Bwana. Watu walishtuka kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kufunga ibada. Walitawanyika mmoja mmoja. Wengine walitaka polisi. Wengine walikataa kuamini, wakasema uzee umemchanganya. Ni rahisi kuamini kwamba mzee amerukwa na akili kuliko kwamba umempeleka mtoto wako ashike mikono ile.

Nilimwonyesha karatasi. Nikamwambia kalamu ya kijani ilikuwa yangu.

Alifuata mistari kwa kidole mpaka chini. "Nani aliweka hiyo sentensi ingine mbali hivi?"

"Ni mimi, Papa. Ni sisi."

Akatikisa kichwa. "Usijibebeshe yote, mwarimu. Mimi nilikuwa nimeamua tangu kisima. Neno lilinipatia tu kiberiti. Hata ungesoma mpaka mwisho, pengine saa hiyo ningetoka nje kukojoa."

Nimesikia mafundisho mengi juu ya kufasiri Maandiko, kwenye semina zenye chai na mandazi. Sijasikia lililozidi hilo. Mtu haji kwa Neno mikono mitupu. Anakuja na kisima chake, na anachota anachotaka. Ndiyo maana tunahitaji kusoma mpaka mwisho wa sura, na kusoma tukiwa wengi, ili mwenye kiu ya ubaya akatishwe na mwenzake. Lakini hilo halinifutii kalamu ya kijani, wala sikuliandika hapa ili linifutie.

Simiyu alikuwa amehamia Trans-Nzoia miaka ile ile ya moto, si mbali na Kitale. Analima mahindi na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Mimi na Mzee Nathan tulifika saa nne asubuhi. Alikuwa uani akinoa panga, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, na upande mmoja wa shingo ngozi yake ilifanana na mikono ya kaka yake. Mke wake, Selina, alitoka jikoni akafuta mikono. Alipomwona Nathan hakusema "karibu". Alirudi ndani.

Mzee Nathan hakungoja kiti. Alipiga magoti kwenye udongo, akasema, "Simiyu, ule moto haukuwa cheche."

Simiyu aliendelea kunoa. Mara tatu, mara nne. "Najua," alisema.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Najua tangu siku ile. Nilifungua macho nikaona beleshi." Aliweka panga chini. "Nilidhani utakuja mwaka ule. Kisha nikadhani utakuja mama akizikwa. Umechelewa sana, Nathan."

"Mbona hukusema?" Nathan alilia kwa sauti, mzee mzima. "Si ungesema!"

"Ningesema nini? Kama ningesema uliniwasha, ingebidi niseme pia ulinitoa. Nilijaribu kuyasema yote mawili, mdomo ukakataa. Nikaona nihame." Akanigeukia. "Na huyu mama ni nani?"

Nilijitambulisha. Nikampa karatasi, nikamweleza jinsi ilivyokatika. Aliisoma, akageuza nyuma kutafuta iliyobaki, hakukuta kitu. "Hii ndiyo ilisomwa?" aliuliza. "Wakati ninakula jogoo wake, alikuwa anafuata hii?" Akaanza kucheka, kicheko kikavu ambacho sikutaka kukisikia mara ya pili. "Nami niliona, kaka yangu ameokoka."

Kuhusu polisi, alisema hapana. Kuhusu shamba, alisema kisima kilishakauka, aliambiwa na jirani, na kama ni hatua zile chache, wampandie mama yao miti juu yake. Hakusema amesamehe. Alisema, "Inuka, nguo inachafuka."

Mchana Selina alileta ugali na kunde na maziwa ya mala. Aliweka sahani ya Nathan mbele yake kwa kishindo. Mzee Nathan alimega tonge, akalishika, hakuweza kulipeleka mdomoni. Jasho lilimtoka kipajini likashuka mpaka kwenye ndevu, na kulikuwa na baridi, mnaijua baridi ya Kitale mvua ikikaribia. Uso wake ulikuwa unawaka. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana. Alikuwa amepewa chakula tu. Niliangalia kichwa cha yule mzee nikaelewa kile ambacho mtume alikuwa akisema, baada ya kukisoma maisha yangu yote, na niliogopa.

Baada ya chakula nilimfuata Selina jikoni. Nilikuwa na rasimu mpya, ile tuliyorekebisha na Barasa, isemayo kwamba ukimlisha adui yako utamfanya aone aibu, ashindwe kuinua uso. Nilidhani ni vyema nimsomee. Mazoea ya kazi ni kama kikohozi, yanatoka hata msibani. Nilisoma mpaka mwisho wa sura. "Mama Selina, umesikia nini?"

Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. "Nimesikia nimpe chakula. Nimempa." Akasugua tena. "Hapo hakusema nimpende kwanza. Ni vizuri, kwa sababu simpendi."

"Ndiyo."

"Sasa nikuulize na mimi. Huyu mtume amemwandikia mwenye kosa. Amemwandikia aliyekosewa. Mimi niliyeosha kile kichwa kila asubuhi, usaha na damu, mpaka nikazaa nikiwa nimeinama pale hospitalini, mimi ameniandikia nini?"

Nilimwambia, "Sijui, mama."

"Angalau husemi uongo," alisema, akanipa kitambaa nikaushe vyombo.

Sura ile ilichapwa na maneno mapya. Karatasi ya kijani iko kwenye faili, mbele kabisa, nimeitia plastiki, msiitoe. Kaseti alinipokonya Simiyu, nami sikumuuliza aliipeleka wapi. Mchungaji Barasa alifariki kabla kitabu hakijafika Malakisi. Mzee Nathan hakurudishiwa ufunguo wala hakuuomba. Anakaa benchi la nyuma. Kila msimu wa kupanda anakwenda kwa mdogo wake na jembe lake, analima siku mbili, Selina anamwekea sahani kisha anakwenda kula jikoni, naye anarudi. Watoto wanamsalimia kwa mbali.

Msimu huu, wiki moja kabla ya ile keki yenu, simu yangu ililia nikiwa nafunga mafaili. Alikuwa Selina. Hakuwa amewahi kunipigia.

"Mwalimu, ulisema ukipata habari unaandika. Andika hii. Leo nimekula naye meza moja."

Niliweka faili chini. "Selina! Umemsamehe?"

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Nimesema nimekula naye," alisema. "Usiandike zaidi ya nilichosema."